Gari la Baba Limekunywa Mawese

Gungu, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Kabla sijasema langu naulizia magoti yako. Yanakuruhusu kwenda kanisani kwa miguu, au bado kaka anakupakia kwenye baiskeli kama gunia la alizeti? Sisi huku Mungu ametufunika, wote wazima. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako hukatika nikifika penye utamu, na habari hii utamu wake uko mwishoni. Ikikatika katikati utalala vibaya.

Ni habari ya pikapu aliyotuachia baba. Kaa vizuri kwanza.

Unajua ndiyo inayotulisha, tunafuata mawese Ilagala tunayaleta sokoni. Dereva wetu ni Seif, mtu wa Dar, mdomo wake hauna breki. Jumamosi moja nilikwenda kufanya usafi kanisani, nyumbani akabaki mama mkwe. Seif akapita barabarani juu ya bodaboda, akapaza sauti: "Bibi, litie wese hilo gari, narudi sasa hivi niondoke."

Sasa mama, kwa madereva wese ni dizeli. Lakini mama mkwe amezaliwa katikati ya michikichi, kwake yeye wese ni wese. Barazani palikuwa na madumu mawili, la dizeli na la mawese yake aliyoyakamua kwa mkono wake. Akachukua la mawese, na kwa kuwa hana choyo, akamimina lote.

Seif akarudi, na gari la baba halina makuu, likawaka. Alipofika Rusimbi watu wa njiani wakaanza kunusa, na mama mmoja muuza vitumbua akamuuliza Seif anakaanga nini humo ndani. Yeye akadhani ni harufu ya mzigo wa jana, akakanyaga tu. Kwenye kilima cha njia ya Ilagala gari likakohoa, likazima. Badala ya kuliacha lipumzike, akalazimisha stata mpaka betri nayo ikakata roho.

Fundi wetu ni mtu wa asili ya ng'ambo, Kongo, injini yeye huiita motere. Alifungua tangi, akachovya kidole, akanusa, akanitazama kama mtu aliyefiwa. "Mama," akasema, "hii motere mumeitilia mchuzi. Samaki mumemweka wapi?" Nilicheka, ila kicheko kilikoma alipofungua kwa ndani. Nozeli zimeziba zote, na pampu ya dizeli imebana kabisa, ni ya kubadilishwa, na ya gari la umri ule lazima itafutwe mbali. Alipotaja bei, Baba Neema aliomba kiti.

Usiku huo mume wangu alisema, kwa upole wake ule unaoujua, kwamba gari la kutengenezwa kwa bei hiyo ni heri kuliuza chuma chakavu. Nilisali rozari, nikalia kidogo, nikakubali. Nisamehe kwamba sikukuuliza. Nilijua ungesema uamuzi ni wangu, halafu ungekwenda jikoni ukae peke yako.

Mama mkwe hatukumwambia kitu. Nani atamwambia mkwe wake kwamba ameua gari? Tulisema limezeeka, basi. Gari likavutwa hadi nyumbani, na asubuhi mnunuzi wa vyuma akaja na lori na mzani wake. Wanaume wakaanza kumwaga kilichobaki kwenye tangi, na mama mkwe akatoka kuwaletea uji. Akaliona beseni limejaa mafuta mekundu.

Akasimama. "Haya si mawese yangu?"

Baba Neema akawa anasoma mawingu, Seif anahesabu vidole vya miguu yake.

"Si ulisema wese?" akamuuliza Seif.

"Nilisema, Bibi."

Akaniwekea mikononi sufuria ya uji. Akafungua mlango wa gari, akapanda, akaketi kwenye kiti cha baba, akafunga mlango. Yule mnunuzi akaja dirishani kumsihi kwa adabu.

"Mwanangu, mzani wako si upo?" akamwambia. "Basi nipime na mimi. Aliyeliua ni mimi, tutakwenda wote."

Alikaa humo na rozari yake, jua likapanda, uji tukampelekea hukohuko. Mnunuzi akaona huyu mama ana fungu refu la sala, akapakia mzani wake akaondoka. Ndipo mama mkwe akateremka, akaniita, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha chao, akasema mavuno yake yote ya michikichi ya msimu huu yaende kwa fundi. Mimi nikatoa nauli yangu ya kuja kwako Krismasi. Hapo ndipo penye uchungu wako, mama, nimekuficha hadi hapa. Krismasi sitakuja.

Lakini gari linatembea! Mawese yaliliua, mawese yakalifufua. Dumu la dizeli sasa limefungwa kitambaa cheusi, na Seif amepigwa marufuku kutamka wese getini kwetu.

Nisalimie kaka mwenye baiskeli, shangazi wa kinu cha alizeti, na mjomba katekista, umwambie asilitumie jambo hili kwenye mahubiri. Neema anakuamkia.

Na mama mkwe ana neno lake. Anasema ameliharibu gari la marehemu, na radhi ya namna hiyo haiombwi kwa simu. Baada ya Pasaka anakuja mwenyewe kukuomba, na dumu la mawese mapajani, na sisi wote nyuma, ndani ya pikapu hiyohiyo. Pampu ni mpya, ila kile kikohozi chake cha tangu enzi za baba fundi ameshindwa kukitoa. Kwa hiyo mama, ukikisikia jioni moja kule barabarani, usishtuke ukadhani ni marehemu. Njoo tu utufungulie geti, kama ulivyokuwa ukimfungulia yeye.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mama Neema