Waya Nilioukata Ukumbini

Mdogo wangu Masanja,

Mwangaluka. Bariadi ni joto na vumbi, na daktari hana dawa mpya ya kifua changu.

Leo nimepita lile ghala la pamba ambalo tajiri aliligeuza ukumbi wa muziki. Binti mmoja fundi alikuwa akifunga waya wa kuongozea taa za jukwaa, taa hadi taa.

"Ukiugawa njia mbili?" nikamuuliza.

"Taa zinapagawa, babu! Mjinga gani atafanya hivyo?"

Ni mimi, Masanja. Siku ya uzinduzi, ulipokwenda kula, niliukata waya wako nikaugawa kama wa nyumbani, nikijiona mwalimu wa fizikia. Taa zikapepesa, watu wakazomea, tajiri akakuita tapeli mbele ya mkeo. Nilikaa kiti cha mbele, kimya. Hukupata tena kazi ya ufundi.

Nimemweleza tajiri. Amecheka, hata jina lako amelisahau.

Kadi hii haina bahasha kwa makusudi. Mwenye duka hapo Lingeka anayepokea barua na awasomee wateja wote kabla hajakupa.

Mungu akutunze. Moyo wako ukikataa kunisamehe, usije kunizika.

Kaka yako,
Maige