Tofali la Mlangoni

Walukuba, Jinja
9 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Brigid,

Pokea salamu nyingi kutoka Jinja. U hali gani huko Mbale? Mgongo wa mumeo Obura umepoa, au bado anaendesha lori kama kijana? Na mvua ya mlima Wanale, imewaachia nguo zikauke? Mimi ni mzima, ila mwezi uliopita malaria ilinilaza siku tatu. Sikukwambia kwa sababu ungefunga safari, nami ningelazimika kufagia nyumba.

Kila mara unaniuliza kazi yangu ni nini hasa. Natunza baridi. Kwenye kituo chetu cha data kuna chumba kimejaa kompyuta zinazohifadhi taarifa za watu. Hazizimwi kamwe, nazo hutoa joto kama jiko la muuza chapati. Viyoyozi vinapuliza mchana kutwa, na umeme unaoliwa na baridi hiyo ulimtisha meneja. Januari aliniambia umeme ushuke kabla Februari haijaisha, la sivyo kazi itapewa fundi mwingine.

Unanijua, sikubali kushindwa. Niliziba kwa mpira matundu yote ya sakafuni zinamopita nyaya. Nafasi tupu kwenye kabati za kompyuta nikazifunika kwa vibati. Nikatundika mapazia ya plastiki kama yale ya buchani, ili hewa ya moto isichanganyike na ya baridi. Mita ikashuka kidogo tu, kisha ikagoma.

Basi nikamlaumu Magidu, askari wetu wa mlangoni, mbele ya watu, kwamba huchezea kiyoyozi nikienda kula. Hilo bado linaniuma.

Nilipopona malaria nikafungua daftari la mita. Siku tatu zilizotumia umeme kidogo kuliko zote ni zile ambazo sikuwepo. Dada, nilijiona bure kabisa, kwamba hata mashine zinapata nafuu nikiwa sipo. Nikamwuliza Magidu kulikuwa na nini siku hizo. Akasema taratibu, "Afande, hakuna kitu. Sisi tulifunga mulango tu. Ni wewe unaweka tofali, mulango inabaki wazi."

Ni kweli. Kwetu mlango ukifungwa mchana, jirani huja kuuliza nani anaumwa. Lakini nisijifiche nyuma ya mila. Tangu mke wangu Nangobi afariki mwaka jana, kimya kinanishinda, na mle ndani hakuna kinachosema ila feni. Kupitia mlango ule nilisikia redio ya Magidu, nikamsikia akibishana na muuza chai, nikajiona nami niko na watu. Joto la nje liliingia pamoja nao.

Nilimwomba Magidu msamaha mbele ya watu wale wale, kisha nikaliondoa tofali. Umeme umeshuka, kiyoyozi kimoja sasa kimezimwa, na kazi imebaki yangu. Meneja alinipa mkono. Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikakaa. Magidu hunipungia kwenye kioo kidogo cha mlango, lakini simsikii.

Uliponiomba nihamie kwenu baada ya mazishi, nilikujibu kwa ukali kwamba nina kazi, niachwe. Nilikosea. Kazi siwezi kuiacha, lakini kukaa hivi peke yangu kumenichosha, dada. Shule zikifungwa, njoo na binti yako Nabwire mkae kwangu hata wiki mbili. Aje apige kelele atakavyo.

Nisalimie Obura, na mama mkwe wako umwambie simsahau. Mungu awafunike wote nyumbani humo.

Lile tofali nimelileta nyumbani. Nikitoka kazini naliweka mlangoni, na mlango unabaki wazi hadi giza liingie. Usinigombeze habari ya mbu. Hapa hakuna kinachoharibika kwa joto, na nataka ukifika usibishe hodi.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ninayekungoja,

Omollo