Asali Iliyowasha Koo

Jumanne, Shinyanga. Vumbi tangu asubuhi, na sina hamu hata ya chai.

Leo nimejua kwamba nilimsingizia Mzee Lugwisha.

Mwezi uliopita alileta kibuyu cha asali gulioni, nami ndimi mnunuzi. Nimekulia Tabora kwenye asali. Nikilamba tu nasema nyuki alikula maua ya mti gani, na kiburi hicho sijawahi kukificha. Nikatia tone kwenye maji, likazama zima. Sukari haimo. Nikalamba. Koo likawaka moto mpaka machozi yakanitoka. Mti wa namna hiyo sikuujua, basi nikasema mbele ya watu, "Mzee, humu umetia dawa."

Hapa asali hulambishwa mtoto mwenye kikohozi. Neno langu lilitosha kumfanya mchawi. Tangu siku ile hakuna aliyekubali hata maji ya kunywa nyumbani kwake.

Na mimi sikuugua hata tumbo. Nililiona hilo, nikanyamaza.

Asubuhi nilipita kando ya ua wa minyaa wa jirani, nikasikia mvumo. Minyaa imechanua vijiua vya manjano, nyuki wamejaa. Utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni unakuunguza, kila mtoto anajua. Sikuwahi kufikiri kwamba nyuki atakula maua yake. Lakini angekula nini? Pori la upande huu limefyekwa lote kwa amri ya Serikali ili mbung'o, wale inzi wa malale, wahame. Miti niliyoijua kwa ulimi imekuwa kuni.

Mzee hakutia kitu.

Nimekwenda kwake. Nimemkuta mkewe tu, Mama Kulwa, akipura mtama. Shikamoo yangu aliitikia bila kuinua kichwa. Nikaeleza habari ya minyaa na nyuki, akaniacha nimalize.

"Baba Zuhura, siku ile tulikwambia ni asali tu," akasema. "Mizinga ameichoma. Amekwenda Geita kuchimba dhahabu, na kifua chake kile kibovu."

Nikaomba kibuyu kilekile. Akanipa, akaendelea kupura.

Ulimi hauna mfupa, na wangu nilikuwa nikijivunia. Naona aibu hata kumwambia Mama Zuhura kwa nini sijala.

Ijumaa ni gulio. Nitasimama palepale, nilambe mbele ya wote, niseme mjinga nilikuwa mimi. Watu watasikia.

Yeye aliye shimoni huko Geita, atasikia kwa nani?