Kabureta Mbili na Sabuni ya Dorotea

Mpendwa mshauri, Shangazi Monika, naomba msaada wako na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, bwana mifugo, naishi Shanwe hapa Mpanda, kwetu ni Wasukuma tuliohamia na ng'ombe wetu, na jina langu usilitoe gazetini kwa sababu mimi ni mtu ninayeheshimika, niite tu Mnyonge wa Shanwe.

Shida yangu ni kabureta. Nina pikipiki niliyoinunua mnadani na kabureta yake ya zamani ilichoka ikawa inavujisha petroli, na wewe unajua huku petroli inaletwa na treni na masika reli ikisombwa tunauziwa kwa chupa ya soda, basi fundi mmoja wa Makanyagio anayeitwa Leodgar akaniagizia kabureta mpya kutoka Dar, ikaja imefungwa kwenye nailoni, nikaifunga, na Shangazi, pikipiki ikawa inapanda mlima kama inateremka, kasoro yake ni moja tu, injini inapata moto sana na plagi ukiichomoa imekuwa nyeupe kama imepakwa chokaa.

Sasa mchumba wangu Goreth anakaa Katumba, kwenye makazi ya Warundi, baba yao alishafariki na mwenye kauli pale nyumbani ni kaka yake Callixte, naye ni fundi, anatengeneza baiskeli na mashine za kusaga, na aliposikia kabureta yangu imekufa hakujua kwamba nimeshaagiza nyingine, akakaa wiki tatu ananitengenezea ya kwake, bodi ameitoa kwenye mashine ya kuvuta maji, jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, ameipanua kwa sindano ya kushonea magunia, akanikabidhi mbele ya mama yake na wazee watatu, akaniita muramu, ndiyo shemeji kwa Kirundi, akasema, "Muramu, shemeji wengine wanapewa kuku. Sisi wewe tunakupa pumzi ya kukuleta hapa," mama akapiga vigelegele, sasa ningesema nini Shangazi, nikaipokea kwa mikono miwili, Callixte akaifunga palepale, pikipiki ikawaka, ikatoa moshi mweusi mpaka wazee wakahamisha viti.

Kabureta ile inakunywa petroli kuliko lori na mlimani nashuka nasukuma. Lakini kila nikifika Callixte anainama anasikiliza injini kabla hata hajanisalimia, anawaambia majirani, "Mnasikia inavyopumua? Huo mkono wangu," basi nikabuni njia yangu, kwamba wiki nzima natembelea ya Dar, halafu Jumapili nikienda ukweni nasimama kwenye daraja la njiani, naingia uani kwa Dorotea, mjane anayeuza ndizi, kwa sababu ana kivuli na maji, navua shati lisiingie oili, nabadilisha kabureta, nanawa kwa sabuni yake, navaa shati, naondoka natoa moshi wa heshima. Wakati wa kurudi ni hivyo hivyo. Nimefanya hivi miezi minne.

Watu wanaotoka misa wameniona. Wameona pikipiki ukutani kwa mjane, wameniona natoka uani nafunga vifungo huku mikono inachuruzika maji, wamepeleka habari, na Goreth akaniambia mbele ya kisima, "Manyanda, kila Jumapili unakuja unanukia sabuni ya Dorotea. Unavua shati kwa nani?" nikasema navua kwa ajili ya joto, akasema, "Basi Jumapili ya Pentekoste uje na jibu lingine, la sivyo nyie na ng'ombe wenu mgeuzie njiani." Shangazi, siku hiyo ndiyo ya mahari, baba yangu Mzee Ngolo tayari yuko njiani anaswaga ng'ombe kutoka Kibaoni kwa miguu. Nampenda Goreth mpaka chakula hakishuki. Nikimwambia ukweli atamwambia kaka yake, maana hawafichani kitu, na Callixte akijua zawadi yake naivua njiani atakataa posa. Nisipomwambia, yeye ndiye atakataa.

Kwa hiyo naomba unishauri, nichague kabureta ipi?

Wako katika mateso,
Mnyonge wa Shanwe.

SHANGAZI MONIKA ANAJIBU

Mnyonge, nimekusoma nikacheka, halafu nikasonya. Unaficha jina lako mwanzoni, katikati unamwachia mchumba wako alitaje, na ukoo wake mzima umeuanika kuanzia kaka mpaka kisima. Nimeiacha barua kama ilivyo. Anayeheshimika asome barua yake kabla ya kulamba bahasha.

Pole lakini. Naona wazi kwamba ulianza kwa kuogopa kumuumiza mtu aliyekufanyia wema, na hilo si la mtu mbaya. Ubaya wako ni uvivu wa mdomo. Dakika moja ya kusema "shemeji, asante, ila inanisumbua mlimani" ilikushinda, ukaona rahisi kuvua shati kwa mjane mara mbili kila Jumapili kwa miezi minne! Na huyo Dorotea naye ana jina lake. Yeye ametoa kivuli, maji na sabuni, wewe umemlipa kwa maneno ya watu. Umemfikiria hata kidogo? Barua yako haisemi.

Hayo ya injini nimemuuliza mume wangu, aliyeendesha pikipiki ya misheni miaka kumi na moja. Anasema kabureta yako ya Dar ina njaa ya petroli, ndiyo maana plagi inakuwa nyeupe, na ya Callixte imevimbiwa, ndiyo maana ya moshi. Ya Dar inahitaji jeti iliyopanuliwa kidogo sana, na fundi mwenye subira. Kijana wangu, unamfahamu mtu yeyote mwenye sindano na subira ya wiki tatu? Unakula kwake kila Jumapili. Fundi haumizwi na kuambiwa kazi ina kasoro. Anaumizwa na kufichwa. Mpelekee kabureta zote mbili na plagi, mwambie, "Muramu, nimeshindwa, nisaidie," umkabidhi bisibisi, ukae kimya.

Lakini hilo lije la pili. La kwanza ni Goreth, na hapa, Mnyonge, kaa chini.

Wiki mbili zilizopita niliandikiwa na dada mmoja wa Katumba. Zaidi ya lake mwenyewe la kwenye bahasha, hakutaja jina la mtu, ni mwerevu kuliko wewe. Aliuliza afanye nini na mchumba anayenawa kwa sabuni kabla ya kufika kwake. Aliweka stempu ya kujibiwa, kwa hiyo nikamjibu kwa barua, nikaiposti Jumatatu. Nilimwambia mwanaume anayefika amenawa kila Jumapili ana la kuficha, arudishe vitenge alivyopewa na asilie. Barua yako imenifikia Jumanne. Nimekosea, nakiri, na nimeiondoa barua ya mama wa kuku wanaogombana ili yako itoke leo.

Gazeti hili na barua ile vimepanda treni moja. Dada huyo aliniandikia kwamba anatumia sanduku la posta la parokia, na katekista huita majina ya wenye barua Jumapili misa ikiisha, watu wakiwa bado wamekaa. Jumapili hiyo ndiyo Pentekoste yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii mpelekee Dorotea mche wa sabuni, umwombe radhi, na umwombe Jumapili aje kanisani aseme aliyoyaona. Aje kwa miguu yake, ukimpakia, umejimaliza. Jumapili uondoke Shanwe alfajiri, kabureta ya Callixte uifunge kwenye kitambaa safi, uifungue mlangoni, uishike mkononi ukiingia kanisani Katumba, ili kila mtu aone ulikuwa unavulia shati nini. Mwambie Goreth yote kabla hajaitwa jina.

Na swali lako nalijibu. Funga ya Dar. Injini ikipata moto, na ipate, maana lazima ufike kabla misa haijaisha. Na usisimame popote kunawa.