Digrii Kumi na Nne

Mbale, Jumamosi, mwezi wa nane, 1957. Saa tano asubuhi.

Mawingu yamekaa juu ya mlima Wanale tangu alfajiri. Hayashuki wala hayaondoki. Joto la leo linabana kifua.

Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku la spana, kwenye baraza ya duka la nguo ambalo halijafunguliwa. Nyuma ya duka limeegeshwa gari letu. Kesho litapanda mlima katika mashindano. Dereva ni Kulwant, mtoto wa Sardar, Singasinga mwenye gereji yetu, na sasa hivi yuko hotelini anakunywa chai na fundi wetu Wafula. Sardar mwenyewe amekwenda kuliandikisha gari. Saa nane mchana watalipeleka barabara ya Nakaloke, na kwa mara ya kwanza Kulwant atakanyaga pedali hadi chini.

Gari hilo lina kosa ndani yake. Kosa ni langu, na ni mimi peke yangu ninayelijua.

Labda kuandika kutanipa ujasiri.

Mimi ni karani wa gereji ya Sardar kule Jinja. Kazi yangu ni barua, maagizo ya vipuri, na kusoma. Hasa kusoma. Sardar anaweza kukutajia ugonjwa wa injini ikiwa bado upande wa pili wa barabara, lakini Kiingereza cha vitabuni hakisomi. Kwa hiyo kitabu kipya kikija, mimi huketi juu ya debe, nikasoma na kugeuza kwa Kiswahili, naye hufunga. "Wewe soma, mimi nafunga," husema. Hesabu nyingine naziandika kwa chaki mlangoni, na chaki yangu haijawahi kubishiwa.

Miezi miwili iliyopita distribyuta ya zamani ilianza kuchoka. Hicho ndicho chombo kinachogawa cheche kwa plagi nne, kila moja kwa zamu yake. Ekseli yake ilikuwa inacheza, na pointi, zile ncha mbili ambazo zikiachana cheche huruka, zinafunguka leo hivi, kesho vile. Wakati huo Sardar alikuwa amekwisha kukwangua kichwa cha injini ili mgandamizo uongezeke, akaweka na kamshafti kali, ile inayofungua vali za injini. "Hii sasa simba," alisema akiigonga injini kwa spana. "Usimpe chakula ya mbuzi."

Katika katalogi tuliona distribyuta mbili za kutufaa. Moja ilikuwa na kifuko kinachovutwa na hewa ya injini. Hiyo ni nzuri kwa gari la mjini linalokwenda taratibu na kubana petroli. Nyingine haikuwa na kifuko. Ilikuwa na vyuma viwili vizito na springi zake tu. Injini ikikimbia, vyuma hufunguka na kuiwahisha cheche. Sardar alichagua hii ya pili. Kwa kamshafti kali, alisema, mvuto wa hewa hutetemeka na kifuko kingechanganyikiwa, na tena mlimani Kulwant hatoi mguu, kwa hiyo kifuko kingekaa bure. Hapo hakukosea mtu.

Kosa liko katika mstari mmoja. Katalogi ilisema vyuma vile huwahisha cheche kwa digrii kumi na nne. Sardar alitaka, injini ikiwa mbioni, cheche ipige digrii thelathini na nne kabla pistoni haijafika juu. Mimi nikatoa kumi na nne katika thelathini na nne, nikaandika mlangoni: ISHIRINI. Tufunge ishirini injini ikiwa imesimama, na vyuma vitaongeza zilizobaki.

Hesabu ya mtoto mdogo. Na si kweli.

Alhamisi, injini ilipowashwa, Sardar aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. "Karani, ishirini nyingi. Hii inauma."

Nikamwonyesha katalogi. "Sardar, kitabu kinasema."

Aliitazama chaki. "Basi," akasema. "Kitabu imesoma kuliko mimi."

Sentensi hiyo nimelala nayo usiku mbili.

Kuna jambo jingine. Gereji yetu ina desturi: taimingi, yaani wakati wa cheche, ikiwa ya mtu fulani, huyo ndiye anayekaa kiti cha pembeni gari likijaribiwa. Ile ishirini ilikuwa yangu, kwa hiyo Wafula alinifungulia mlango na kuinama kama boi wa bwana mkubwa. "Karibu, afande." Nikasema mimi ni karani, kazi yangu haiko ndani ya gari. Wakacheka sana. Wafula akapanda badala yangu. "Kalamu inaogopa vumbi," akasema.

Jana tuliondoka Jinja. Sardar aliamuru nusu ya pedali tu, kwa kuwa pistoni ni mpya. Kulwant na Wafula walitangulia, Sardar na mimi tukafuata na pikapu. Iganga tukasimama kutia maji, na injini ilipokuwa moto ikakataa kuwaka. Stata ilisukuma, injini ikairudisha nyuma. Wafula akachukua hendeli ya kuwashia, nayo ikampiga kifundo cha mkono.

"Gari hii imejifunza mateke!" akapiga kelele, akiruka kwa mguu mmoja. "Karani, kitabu chako kinasema nini juu ya mateke?"

Wote walicheka. Mimi nilipanda pikapu nikafungua katalogi, nikasoma maandishi madogo chini ya jedwali, yale ambayo sikumsomea Sardar. Yanasema digrii zote zimepimwa kwenye distribyuta yenyewe.

Distribyuta huzunguka mara moja wakati krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka mara mbili. Ninalijua hilo, nimewahi kulisoma kwa sauti yangu mwenyewe. Kwa hiyo kumi na nne zake ni ishirini na nane za injini, na mlangoni ningeandika sita tu. Weka na ishirini zangu, ni arobaini na nane.

Arobaini na nane! Moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda, unaipiga usoni. Kwa nusu ya pedali itavumilia. Kwa pedali yote pistoni itatoboka, au injini itashika ghafla gari likiwa mbioni juu ya barabara ya murram, na Kulwant yumo.

Nilinyamaza Iganga. Nikanyamaza Tororo. Nikanyamaza jana jioni, Sardar aliponimiminia maji ya kunawa kabla ya kunawa yeye.

Ninaogopa nini? Si kufukuzwa tu. Ninaogopa uso wake siku atakapoacha kuuamini mlango ule wenye chaki.

Nimeamua. Nitamwambia saa saba, kabla ya majaribio.

Kwa nini saa saba? Kwa nini si sasa hivi?

Ngoja. Hilo ni gari letu linawashwa.

Saa kumi na moja jioni.

Mwandiko wangu ni mbaya. Mikono ina grisi.

Nilipofika nyuma ya duka niliona vumbi tu. Kumbe Kulwant alihofia kwamba mchana barabara ingejaa watu wa soko, akaona heri aende mapema. Nilikimbia hadi nikakutana na Sardar akirudi na namba ya mashindano chini ya kwapa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. Yote yalipotea.

"Sardar, wasimamishe. Taimingi ni mbaya. Ni sita, si ishirini. Nilikosea."

Hakupiga kelele. Alipanda pikapu, nami nikaning'inia mlangoni hadi nikaweza kuingia. Sijawahi kumwona akiendesha vile. Tulipopita nyumba za mwisho za mji aliuliza, "Umejua lini?"

"Iganga."

Akabadili gia.

"Iganga mpaka hapa maili ngapi, karani?"

Hakuuliza ili aambiwe.

Tulilikuta gari maili mbili kabla ya Nakaloke. Lilikuwa limekaa mshazari barabarani, mlango wazi, boneti juu. Sikuona mtu. Kwa pumzi tatu, nne hivi, sikuona mtu yeyote, na Sardar kando yangu alikuwa akisema kitu kwa Kipunjabi, kitu kimoja tu, tena na tena.

Kisha Wafula akainuka nyuma ya boneti. Kulwant alikuwa amechuchumaa penye kivuli cha gari, anatafuna muwa.

Ilikuwa hivi. Gia ya tatu, pedali chini, Wafula akasikia sauti kama changarawe ndani ya debe. Hakungoja. Alimpiga Kulwant goti kwa ngumi. "Toa mguu! Toa!" Kulwant alikuwa bado analisugua goti lile. "Mimi nilifikiri nyoka ameingia," akasema.

Lau ningekuwa nimekaa mimi pale, kwenye kiti changu, ningeijua sauti ile?

Sardar alitoa plagi. Tatu zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Ya silinda ya tatu ilikuwa na vipunje vya kijivu vinavyong'aa, vidogo kama chumvi. Aliniwekea kiganjani. "Hii pistoni," akasema. "Imeanza kuyeyuka na kuruka." Wafula akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, Kulwant akazungusha hendeli. Kidole kikasukumwa: pop! Wakafanya silinda zote, wakairudia ya tatu mara tatu. Kila mara kidole kilisukumwa sawasawa.

Imepona. Kwa chupuchupu, lakini imepona.

Basi Sardar akatoa mfukoni karatasi ya sigara. Yeye havuti, dini yake hairuhusu. Hukaa na karatasi hizo kwa kazi hii moja. Hakumpa Wafula. Alinipa mimi. Wafula akaleta puli ya krenki kwenye alama ya sita. Nikaibana karatasi kati ya pointi na kuivuta kwa upole, huku Sardar akizungusha distribyuta polepole kufuata mzunguko wake, akaipitisha kidogo, kisha akairudisha unywele kwa unywele. Pointi zinapoanza kufunguka karatasi huachiwa. Nilishusha pumzi, nikavuta. Ikaachia.

"Sasa!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Akakaza.

Wakati huo huo mama mmoja wa kwetu, kwani nilizaliwa pande hizi, alikuwa akipita na ndizi kichwani. "Weee, si mtoto wa Hadija huyu? Kumbe ndiyo shule ilikupeleka chini ya gari?"

"Ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza, mama," Wafula akamjibu.

Injini iliwaka kwa hendeli bila teke. Kulwant akafungua mlango wa pembeni. Safari hii hakuna aliyeinama wala kucheka. Nikapanda. Pedali ikaenda chini, miti ya kando ikawa ukuta mmoja wa kijani, nami nikasikia injini, upepo, na mawe ya barabara yakipiga chini ya gari. Changarawe ya debe sikuisikia. Nilisikiliza hadi masikio yakauma.

Tuliporudi mjini Sardar aliniagiza nilete katalogi. "Soma tena. Yote. Na ile ndogo-ndogo." Nikasoma ukurasa mzima, hata jina la mji ilikopigwa chapa, naye akasikiliza amefumba macho. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza.

Kisha Kulwant akauliza, "Baba, kesho nani anakaa na mimi?"

Sardar alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. "Desturi unajua," akasema, bila kunitazama. Wafula akaniletea leso yake ya kuzibia vumbi. Inanuka jasho na tumbaku, na ameikunja vizuri.

Kwa hiyo kesho nitapanda mlima. Sita na ishirini na nane ni thelathini na nne. Nimehesabu hapa pembeni ya ukurasa mara nne. Lakini kesho sitakuwa na ukurasa. Sardar amesema nikiisikia changarawe nisifikiri, nipige goti la Kulwant.

Tangu Iganga hadi leo nilikuwa nikifikiri. Je, kesho mkono wangu utawahi kabla ya woga wangu?