Mlango wa Mpangaji Umo Sebuleni Kwangu

Mshauri wetu, pokea salamu za mtu aliyechoka, na si uchovu wa kufua na kupika, huo nimeuzoea, ni uchovu wa moyo, naomba unisaidie maana sioni wa kumwambia.

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa wetu ya kuelimisha watu haki zao. Ni kazi ya kujitolea, kila Jumamosi tunapanga viti ukumbini, tunasubiri watu, watu hawaji, mwenyekiti wetu ambaye ni mwalimu mstaafu anasema tuanze na waliopo, na waliopo ni sisi wanakamati pamoja na mama mmoja anayeingia kupumzisha miguu akitoka sokoni. Spika inakoroma, mwenyekiti anazungumza mpaka tunasinzia. Siku nyingine nazunguka nyumba kwa nyumba nikiwaeleza wapangaji kwamba mwenye nyumba hawezi kuwatoa bila notisi ya maandishi, wengine wananisikiliza, wengine wananiuliza kama kuna soda.

Sasa dada yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, ambaye mpaka leo akinipigia simu nasimama, ana vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, na katika kimojawapo anakaa mama fundi cherehani na mabinti zake. Kijana wa dada anaoa, dada anakitaka chumba, fundi akaomba muda atafute pengine, dada akaona anazungushwa, akaita seremala, mlango ukang'olewa. Wenye nyumba wengi hapa ndivyo wanavyofanya, hawakufukuzi, wanachukua mlango tu, utaondoka mwenyewe. Halafu akauleta kwangu kwa mkokoteni akasema, "Mdogo wangu, niwekee huu, kwako hakuna atakayekuja kuutafuta." Nami kabla sijafikiri nilikuwa nimeshashika upande mmoja, tukauingiza. Umeegemea ukuta nyuma ya kochi. Mume wangu kila akipita anasema, "Katibu, naona haki za wapangaji zimefika, na bawaba zake." Sicheki.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa, wapangaji walikuwa wamesikia habari za mlango. Fundi akanyoosha mkono, akasimama, akasema taratibu bila hata hasira, "Katibu, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hawezi kunitoa bila notisi. Nilimwambia vile vile ulivyosema, kesho yake akaung'oa. Sasa tunalala na pazia, nasukuma cherehani pale mlangoni nakaa macho. Nifanye nini?" Mwenyekiti akanigeukia. Nikasema tutalifuatilia, nikajisikia mwenyewe nilivyolisema, kama karani anayeona saa ya kutoka imefika.

Nikiurudisha, dada ataona nimemgeuka, na ameshaniambia, "Hizo haki zako hazikukulea." Nikinyamaza, sina uso wa kumtazama yule mama. Nafikiria niuache ukatibu, nipumzike. Nijiuzulu?

Katibu Mchovu

Katibu, pole, na umenikera.

Pole nakupa kwanza, kwa sababu kuhutubia viti vitupu wiki baada ya wiki si mchezo, na kumkatalia dada aliyekulea ni kazi ngumu zaidi. Lakini usinizungushe. Unaniuliza habari za kujiuzulu, kumbe mlango wa mwenzio umo sebuleni kwako. Jiuzulu leo, kesho utaamka uukute pale pale nyuma ya kochi. Tena unasema "nikinyamaza". Hujanyamaza, mama. Ulishika upande mmoja.

Na hili ndilo linaloniuma: yule mama alikusikiliza. Wengine waliuliza soda, yeye akalibeba neno lako akaenda kulisema, likamponza. Mlimfundisha la kusema, hamkumwambia nani atasimama naye akishalisema. Kamati yenu ikazungumze hilo, mwenyekiti apunguze hotuba.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Jumamosi. Mpigie dada yako, ukitaka kusimama simama, umwambie, "Dada, mlango naurudisha." Huombi ruhusa, unampa habari. Usimhubirie haki, atakuzima kwa neno moja. Mwambie kama anataka chumba, basi amwandikie fundi notisi na ampe muda wa kutafuta pengine, na wewe utamsaidia kuiandika. Bwana harusi akikosa pa kukaa kwa sasa, mkaribishe kwako, sebuleni patakuwa na nafasi. Kisha mwite seremala yule yule, chukueni mkokoteni mchana kweupe, majirani waone.

Ukifika kwa fundi, usimwambie kamati imeupata mlango. Mwambie, "Ulikuwa kwangu." Akikutukana, sikiliza. Akinyamaza, itakuwa vibaya zaidi, vumilia hilo pia.

Dada atanuna. Atazima simu, atakusema kwa ndugu wote, pengine harusini atakukalisha nyuma kabisa. Endelea kumpigia. Ni dada yako, na hilo hakuna mkutano wa kulifuta.

Kuhusu kuchoka, choka tu, una haki. Ila wewe unachoka ukiwa umetia komeo mlangoni kwako. Mpelekee fundi mlango wake, subiri seremala akaze skrubu ya mwisho, ndipo urudi nyumbani ukapumzike. Lakini usilale kabla ya fundi kulala.