Mama amekataa kumzika Matonya

Bupe, mbona hupokei simu? Basi soma hapa.

Tuko mochwari. Tumekuja kumchukua kaka Matonya tukamzike nyumbani Ihumwa. Mama amekataa!

Afande mmoja wa upelelezi kamwambia, "Mwanao alitushambulia kwa panga, ndiyo maana akapigwa risasi. Chukueni mwili mkazike, yaishe."

Yaishe! Anamwambia mama mzazi, yaishe!

Panga gani Bupe? Matonya alitoka kutafuta ng'ombe aliyepotea, mkononi ana fimbo tu.

Na mimi ndiye niliyeingia kumtambua. Risasi imeingia mgongoni. MGONGONI. Nimeona kwa macho yangu.

Nikamwambia mama. Unamjua mama alivyo, hata askari wa umri wangu yeye ndiye humwamkia shikamoo kwa woga. Leo kamkazia macho yule afande, kamuuliza, "Mtu anakushambuliaje huku amekupa mgongo?"

Afande akainamia makaratasi yake. Mama akauliza tena.

Akakaa chini, pale pale mlangoni. Anasema hazikwi mtu mpaka daktari asiye wa polisi aupime mwili na aseme risasi iliingilia wapi.

Baba mdogo ananinong'oneza, "Mnyanyue mama yako, hawa watatumaliza." Naogopa Bupe.

Sikumnyanyua. Nimekaa naye.

Sasa polisi wanasema watatuondoa kwa nguvu. Shangazi yako si wakili? Mwambie aje sasa hivi, nakuomba. Atatukuta hapa mlangoni, chini.